Usisafirie Nyota ya Mwenzio

Wiki tatu zilizopita, baada ya sala ya isha, tulikuwa tumekaa barazani kama ilivyo kawaida yetu, kahawa inazunguka, mara shemeji yangu akaja na uso wa mtu aliyetoka mazishini. Tukamuuliza kulikoni. Akaketi, akavua kofia, akasema: "Binti yenu ameshaamua. Anataka kusomea udaktari wa wendawazimu."

Yaliyofuata msomaji atayafahamu bila ya kuhadithiwa. Mmoja alicheka. Mmoja alisema lahaula. Mzee mmoja, ambaye sitamtaja kwa sababu nitarudi kwake mwishoni, aliuliza kama kweli mtoto wa watu atasoma miaka yote ile, afanye na mwaka wa mazoezi, kisha aende akamalize ujana wake pamoja na watu wanaozungumza na kuta. Dada yangu, mama wa binti, alikuwa ameshalia kutwa nzima ndani, akiuliza ni nani atakayekuja kumposa.

Mwisho shemeji akatoa shauri lake: "Kama hapana budi, nitakiuza kile kiwanja cha Likoni, aende Marekani. Akirudi na jina la chuo kikubwa, watu watasahau anatibu nini."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonitia kalamu mkononi. Kwamba binti aende Marekani si kosa. Kosa ni ile sababu. Mtu anachagua mahali pa kusomea ubingwa kama mtu anavyochagua buibui, apate cha kujifunikia aibu. Nami nasema kwamba katika ubingwa wote wa udaktari, huu wa maradhi ya akili ndio usiofaa kabisa kuchaguliwa kwa jina. Huchaguliwa kwa kumtazama mgonjwa ambaye daktari huyo anataka kumtibu, kisha kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ufike kwa mwalimu atakayemfundisha kazi hiyo.

Sauti

Niseme mapema kwamba mimi si daktari, na kwamba katika jambo hili nina kidonda changu. Ndugu yangu mdogo, Mungu amrehemu, aliugua mwaka 1979 akiwa na miaka 19. Alikuwa fundi seremala, na mkono wake ulikuwa umeanza kusifiwa mtaani. Akaacha kazi. Akaacha kula. Usiku akawa hukaa kitandani macho wazi mpaka alfajiri. Tulimsomea, tukamnywesha kombe, tukampeleka kwa waganga wawili. Siyadharau hayo, kwani kisomo kilimtuliza kuliko vyote. Lakini ugonjwa haukuondoka, na baada ya miezi minane tukampeleka hospitali moja kubwa.

Daktari alikuwa mgeni, mtu mpole, ila Kiswahili hakujua hata neno. Mkalimani alikuwa mfagiaji wa wodi ambaye Kiswahili chenyewe alikuwa akijifunza. Daktari akauliza kama mgonjwa husikia sauti. Mkalimani akasema: "Unasikia sauti?" Ndugu yangu akajibu, "Nasikia." Nani asiyesikia? Ukumbini watu walikuwa wakiitana, na nje muadhini alikuwa akiadhini adhuhuri. Daktari akaandika. Kisha ndugu yangu akasema, "Roho haitaki kitu, na moyo hauko nami." Kila mtu wa pwani anajua maana ya maneno hayo: ni mtu aliyeishiwa na hamu ya dunia. Mkalimani alimwambia daktari kwamba mgonjwa anasema roho na moyo vimemtoka mwilini. Daktari akaandika tena.

Nilikuwa nimesimama pale pale. Kiingereza cha shule nilikuwa nacho. Sikusema neno, kwa sababu sikuulizwa, na kwa malezi yetu niliona ni utovu wa adabu kumkatiza mkubwa kazini mwake. Miaka arubaini na zaidi imepita, na bado kuna usiku ninapoamka nikayasema yale maneno niliyopaswa kuyasema.

Alipewa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Shingo ikakakamaa, ulimi ukawa mzito, tukaogopa, tukamrudisha nyumbani, na hospitali hatukwenda tena. Alikaa chumba cha uani miaka kumi na mitatu. Mwaka 1992 kijana mmoja wa huku huku pwani, aliyekuwa ametoka masomoni, alikuja nyumbani kwa ombi la jirani. Alikaa mkekani saa nzima akizungumza naye kwa Kiswahili cha kwetu. Akatwambia: hii ni huzuni iliyozidi mpaka imekuwa maradhi, na ina dawa. Baada ya miezi michache ndugu yangu alikuwa anapiga randa tena. Aliishi mpaka 2001, na kitanda ninacholalia hivi sasa alikichonga yeye.

Yule mgeni simlaumu. Alikifanya alichofundishwa. Ninachokitaka msomaji akione ni kwamba kijana wa pili hakuja na mashine wala dawa ya ajabu. Alikuja na masikio yaliyofunzwa.

Kipimo cha kutoka nacho nyumbani

Mkasi wa mpasuaji hukata nyama ya Mdigo kama unavyokata nyama ya Mnorwe. Daktari wa figo hupima damu, na damu haina kabila. Lakini daktari wa akili chombo chake kikubwa ni maneno: anayoyasikia, anayoyauliza, na yale mgonjwa anayoyanyamazia. Kwa hivyo mahali anapojifunzia hubaki ndani ya masikio yake maisha yake yote.

Nchi hii ina ushahidi wa jambo hilo. Hospitali ya Mathari huko Nairobi ilianza mwaka 1910, na mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilimkabidhi Mwingereza mmoja, J. C. Carothers. Hakuwa bingwa wa maradhi ya akili. Alikuwa daktari wa kawaida aliyepewa kazi. Akakaa mpaka 1950, na mwaka 1953 Shirika la Afya Ulimwenguni likachapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata akaiandikia serikali juu ya Mau Mau, na watu waliokuwa wakidai ardhi yao akawaeleza kana kwamba ni wagonjwa. Aliishi na wagonjwa wetu miaka kumi na miwili, akaondoka na kipimo kile kile alichokuja nacho.

Kahawa ya Blida

Sasa tumtazame mwingine, aliyefanya kazi kati ya Waislamu. Frantz Fanon alizaliwa kisiwa cha Martinique mwaka 1925, akasomea udaktari Lyon, Ufaransa. Wakati wa kutafuta mafunzo ya ubingwa hakubaki kwenye mji mkubwa. Alikwenda Saint-Alban, hospitali iliyo mashambani milimani, kwa sababu ya mtu mmoja tu: François Tosquelles, daktari mkimbizi kutoka Hispania. Huyo alikuwa akifundisha kwamba hospitali yenyewe ndiyo dawa. Wagonjwa wafanye kazi, watoe gazeti lao, wawe na mikutano yao, wasikae kama mizigo ghalani. Fanon alichagua mwalimu, hakuchagua mji.

Mwishoni mwa 1953 akapelekwa hospitali ya Blida, Aljeria. Alikuwa na wodi ya wanawake wa Kizungu na wodi ya wanaume Waislamu. Akaitumia elimu ya Tosquelles kote kuwili. Kwa wanawake ikafaulu. Kwa Waislamu ikaanguka vibaya: mikutano haikuwa na msemaji, gazeti halikuwa na msomaji, michezo haikuwa na mtazamaji. Fanon na msaidizi wake Jacques Azoulay wangeweza kusema, kama alivyosema Carothers, kwamba akili za watu hawa ndivyo zilivyo. Hawakusema hivyo. Mwaka 1954 waliandika waziwazi kwamba kosa lilikuwa lao: walileta maisha ya Kifaransa wakayaita tiba. Ndipo wakafungua mkahawa wa kahawa wodini, wakasherehekea Idi, wakamwalika mtambaji wa hadithi. Wanaume waliokuwa wamenyamaza wakaanza kusema.

Kahawa na hadithi! Yaani baraza, kama hii yetu tunayomchekea binti.

Lakini tusiikate hadithi hii upande mmoja. Fanon hakujua Kiarabu, alitegemea wakalimani, na mwenyewe aliona upungufu huo. Wala elimu ya Ulaya hakuitupa. Bila ya Saint-Alban asingejua kwamba wodi inaweza kuwa kitu kingine zaidi ya jela. Na kuna Thomas Lambo wa Nigeria, aliyesomea ubingwa wake Uingereza, kisha akarudi kwao. Kuanzia 1954 akawapanga wagonjwa wake wa Aro, karibu na Abeokuta, wakae vijijini pamoja na jamaa zao, mchana waje hospitali. Basi swali si ng'ambo au nyumbani. Swali ni: mahali hapa patanifundisha kuuliza, au patanifundisha kujibu tu?

Milango iliyo wazi

Binti alinijia Jumapili na faili la karatasi. Nilishangaa jinsi milango ilivyo mingi, na inafaa wazazi waijue.

Kwetu Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha shahada ya ubingwa huu, na Mathari ndiyo hospitali kubwa ya kazi. Hapo mwanafunzi huona wagonjwa wazito na wengi, na kuna sehemu ya wale wanaoletwa na mahakama. Anayevutiwa na mambo ya sheria na makosa ya jinai hatapata shule nyingine kama hiyo hapa nchini. Eldoret kuna Chuo Kikuu cha Moi na hospitali yake ya rufaa, chenye uhusiano wa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kampala kuna Makerere na hospitali ya Butabika, iliyofunguliwa 1955. Dar es Salaam kuna Muhimbili, ambako mgonjwa na daktari huzungumza Kiswahili tangu mlangoni. Vyuo hivi humtaka mwanafunzi afanye utafiti na kuandika tasnifu, na utafiti huo ni nafasi ya kuchagua jambo la kwenu, ukiwa na msimamizi anayelijua.

Uingereza safari ni miaka 3 ya msingi, mitihani ya chuo cha kifalme cha madaktari hao, kisha miaka 3 mingine ya kuchagua njia: watoto, wazee, wahalifu, na kadhalika. Katika ile ya msingi daktari huhamishwa wodi takriban kila miezi 6. Huona mengi, lakini mgonjwa mmoja hamfuati muda mrefu.

Marekani ni miaka 4. Daktari aliyesoma nje hufanya kwanza mitihani yao na kuhakikiwa vyeti, kisha huomba hospitali nyingi, huhojiwa, na mwisho huandika orodha ya anazozitaka kwa mpango. Hospitali nazo huandika yao, na mwezi wa Machi kompyuta hulinganisha. Hapo kuna jambo la kujifunza: hesabu ile imepangwa hivi kwamba anayeandika kwa ukweli wa moyo wake hapati hasara, na anayepanga kwa hila, akidhania nani atamtaka, hapati faida. Wengi wa wageni huingia kwa viza iitwayo J-1, ambayo huhitaji barua ya wizara ya afya ya kwao, na ina sharti la kurudi nyumbani miaka 2 wamalizapo, isipokuwa wasamehewe. Shemeji hakujua hilo. Wala mimi.

Nyota yake

Niliposikia Muhimbili, nilifunga faili. Nikamwambia: "Mwanangu, umeshapata. Nenda Dar. Lugha ni ile ile, dini ipo, na mama yako atakuja kukuona kwa basi."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwa adabu zote: "Mjomba, wewe unamtafutia daktari mjomba mdogo. Wagonjwa wangu mimi ni wengine."

Akanieleza. Katika hospitali anayofanya kazi, zamu za usiku huletewa vijana wa unga, midomo imebadilika rangi, pumzi imekatika. Huwapiga sindano, wakazinduka, wakagomba, alfajiri wakaondoka na mikanda mikononi. "Yupo mmoja nilimzindua mara tatu," akasema. "Mara ya nne aliletwa ameshakufa. Mamake aliniuliza: nyinyi huwa mnamwamsha tu, hamumtibu? Sikuwa na jibu. Hilo jibu ndilo ninalolitafuta."

Nilijiona mdogo. Nilikuwa nikimlaumu babake kwa kutaka binti asafirie nyota ya jina kubwa, na mimi nikamkabidhi nyota yangu, ya huzuni ya 1979. Wahenga waliosema usisafirie nyota ya mwenzio walikuwa manahodha. Walijua kwamba nyota ya mwenzio huenda ni njema kabisa, ila yeye anakwenda Lamu na wewe unakwenda Pemba.

Tukaanza upya, safari hii kwa swali lake. Nani anafundisha vizuri tiba ya walioshikwa na unga? Muhimbili ikarudi mezani kwa sababu nyingine kabisa: mwaka 2011 ilifungua kliniki ya methadoni, dawa anayonyweshwa mgonjwa kila siku mbele ya muuguzi ili unga umwachie. Ilikuwa ya kwanza katika bara hili kusini mwa Sahara, ukitoa visiwa. Zanzibar ikafuata, nasi Kenya tukaanza, Malindi ikiwa na kliniki yake tangu 2015. Anayesoma Dar huona kazi iliyokwishazeeka kidogo, yenye mafanikio na makosa yake.

Marekani nayo ikasomeka kwa jicho jingine. Kanuni zao zimekuwa zikitaka angalau mwezi 1 tu wa maradhi haya katika miaka yote 4. Hospitali yenye jina kubwa inaweza kuishia hapo hapo, na ndogo isiyojulikana, iliyo katika mji uliopigwa na unga, ikakupa miezi mingi na mwalimu aliyeishi na jambo hilo. Na ukimaliza 4 kuna mwaka 1 zaidi wa kujibidiisha katika ulevi peke yake, kama ilivyo miaka 2 kwa anayetaka watoto.

Jibu huenda mwisho likawa lile lile nililolisema mimi, Dar. Lakini sababu si ile ile, na sababu ndiyo itakayomshikilia mwaka wa tatu, usiku wa manane, atakapotamani kuacha.

Ya kuuliza kabla ya kutia saini

Kwa vijana wengine walio katika njia panda hii, nayaandika hapa maswali tuliyoyatoa pamoja, yeye akisema na mimi nikinakili.

Nitawaona wagonjwa gani, na mgonjwa mmoja nitakuwa naye kwa muda gani? Maradhi ya akili ni ya miaka. Aliyemwona mgonjwa siku kumi wodini, kisha asimwone tena, amejifunza nusu ya hadithi. Mahali penye kliniki ambapo mwanafunzi humfuata mtu yule yule mwaka mzima ni bora kuliko penye vitanda elfu.

Nani atakaa nami? Si nani yuko kwenye orodha ya maprofesa, bali nani atafunga mlango kila wiki aniulize nilimwambia nini mgonjwa na kwa nini. Profesa mashuhuri aliye safarini kila mwezi ni picha ya ukutani.

Je, tiba ya mazungumzo hufundishwa, au ni kuandika dawa tu? Dawa zinafaa, nimeziona zikimrudisha ndugu yangu kwenye randa yake. Lakini kijana wa unga ukimpa dawa bila ya kujua kwa nini alianza, atarudi kijiweni na dawa mfukoni.

Saa nane za usiku, nikikwama, nani anapokea simu? Na je, mwezi wa Ramadhani, na sala, na mtandio wangu, vitaheshimiwa, au kila mwaka nitaomba upya kama mtu anayeomba sadaka? Hili si jambo dogo. Anayefundishwa kusikiliza imani za wagonjwa naye asikilizwe yake.

Waliomaliza hapa miaka mitano iliyopita wako wapi leo? Jibu la swali hili ni la kweli kuliko kijitabu chochote cha rangi. Kama unataka kutibu watoto na hakuna hata mmoja wao anayetibu watoto, umeshaambiwa. Na usimuulize mkuu wa idara. Waulize wanafunzi wenyewe, mmoja mmoja, mkubwa akiwa hayupo.

Mwisho ni vyeti na fedha. Baraza la madaktari la kwetu litakitambua cheti hicho? Mwajiri atatoa ruhusa ya masomo pamoja na mshahara, au ada na kodi ya nyumba ni zako? Haya yaulizwe kwa maandishi, na jibu liwekwe.

Na sisi wazee

Wako watakaosema kwamba elimu yote hii ni ya Kizungu, na sisi tuna kisomo. Niwakumbushe kwa heshima. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya miili na ya nafsi, akaeleza hofu, hasira, huzuni na waswasi, kila moja na tiba yake, sehemu kwa chakula na dawa na sehemu kwa mazungumzo. Neno lile lile la waswasi ndilo tunalolitumia hata leo tukisema tuna wasiwasi. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga hospitali Cairo, nayo ilikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili. Waislamu waliwajengea watu hawa vyumba wakati wengine walikuwa wakiwafukuza. Sisi wajukuu zao tunawafungia uani.

Na aibu hii yetu ndiyo inayowapoteza vijana katika kuchagua. Binti anayejua kwamba nyumbani kazi yake itakuwa fedheha, atatafuta jina la kuifunika, au atabaki huko huko ng'ambo, awatibu Wamarekani, na sisi tutaendelea kusema hatuna madaktari. Hatuwezi kumcheka barazani kisha tukamlaumu hakurudi.

Shemeji hajakiuza kiwanja. Binti hajachagua. Ameandika barua kwa wanafunzi wa vyuo vinne, na majibu mawili yameshafika, moja tamu na moja chungu. Dada yangu ameacha kulia. Siku hizi anauliza Dar kuna baridi mwezi gani.

Na yule mzee aliyeuliza juu ya watu wanaozungumza na kuta? Ijumaa iliyopita, tulipotoka msikitini, alinishika mkono akanivuta kando, kwenye kivuli. Akatazama huku na huku. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Huyo binti yenu, atamaliza lini?"

Sikumuuliza ni nani aliye naye nyumbani. Nilimwambia ni miaka kadhaa, na kwamba hapa hapa Mombasa, Port Reitz, kuna wodi ya maradhi haya, asimngoje binti. Nikamwambia pia kwamba atakapompeleka mtu wake aingie naye, asimame karibu, na akisikia neno limefasiriwa vibaya aseme pale pale, hata kama hakuulizwa.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na awajaalie vijana wetu walimu wema. Amin.